William Morton Wheeler na sisimizi wa kwetu

Mdogo wangu anafuga sisimizi. Amewaweka ndani ya chupa kubwa ya mayonezi huko nyumbani Kpandroma, ameijaza udongo hadi nusu, na kifuniko amekitoboa kwa msumari. Anawapa maji ya sukari kwa kipande cha pamba, mara nyingine na mguu wa panzi. Mwezi uliopita alinitumia picha kumi na moja kwa simu akitaka nimwambie ni sisimizi wa aina gani. Nilimjibu kwamba mimi ninasoma lugha, sisomi wadudu. Akanijibu kwamba alichokitaka ni jina, na majina ni maneno, na maneno ndiyo kazi niliyoenda kuifanya chuoni. Sikuwa na la kumwambia.

Kati ya picha zile kumi na moja, tisa zilionyesha kivuli cha kidole chake na doa jeusi. Mbili zilikuwa safi kidogo, lakini zote mbili zimepigwa kutoka juu. Nikaanza kutafuta namna wataalamu wanavyomtambua sisimizi, na kila njia niliyoishika ilinirudisha kwa mtu mmoja: William Morton Wheeler, Mmarekani, aliyetoa mwaka 1922 kitabu cha kurasa zaidi ya 1,100 juu ya sisimizi wa Kongo. Nusu ya majina niliyokutana nayo aliyatunga yeye au aliyapanga upya yeye. Na hakuwahi kufika Kongo.

Alizaliwa tarehe 19 Machi 1865 huko Milwaukee, mji wenye wahamiaji wengi wa Kijerumani. Alikuwa mtoto mtundu kiasi cha kuondolewa shule ya kawaida na kupelekwa shule ya Wajerumani, ambako nidhamu ilikuwa kali. Adhabu ile ilimfaa, kwani alitoka na Kijerumani safi, na baadaye aliongeza Kifaransa, Kiitalia, Kilatini na Kigiriki. Sisi wa kitivo cha lugha tunaweza kumdai kidogo kuwa mwenzetu, na nitaonyesha mbele kwamba hilo si utani mtupu.

Mwaka 1884 alifika Milwaukee mfanyabiashara aitwaye Henry Ward, aliyekuwa akiuza wanyama waliokaushwa, mifupa na makombe kwa makumbusho. Wheeler, kijana wa miaka 19, alijitolea kumsaidia kufungua masanduku. Ward alimpenda, akamchukua kwenda kufanya kazi kwake Rochester. Kazi yenyewe ilikuwa kuvipa vitu majina: ndege huyu nani, kombe hili la wapi, tumbawe hili liandikwe nini kwenye orodha ya bei. Hapo ndipo alipozoea kumtambua kiumbe aliyekufa, aliyetoka mbali, ambaye hakuna mtu pale aliyemwona hai.

Kwenye karakana ya Ward alipata rafiki, Carl Akeley, fundi wa kujaza ngozi za wanyama. Huyu Akeley ndiye aliyekuja kufa tarehe 17 Novemba 1926 kwenye miteremko ya mlima Mikeno, katika Kivu, alipofuata sokwe wakubwa wa milimani, na akazikwa hukohuko. Ninalitaja kwa sababu katika urafiki ule wa vijana wawili mmoja aliishia ndani ya ardhi ya Kongo, na mwingine aliijua Kongo kwa lebo tu.

Miaka iliyofuata nitaipita haraka. Alifundisha shule ya sekondari Milwaukee, akaongoza makumbusho ya mji kuanzia 1887 hadi 1890, akapata shahada ya udaktari mwaka 1892 katika Chuo Kikuu cha Clark kwa utafiti wa namna wadudu wanavyokua ndani ya yai, akafundisha Chicago, akakaa Ulaya kwa muda. Sisimizi hawakuwamo bado. Mwaka 1899 alihamia Texas kuwa profesa wa zoolojia. Vifaa vya maabara vilikuwa haba, lakini nje ya dirisha palikuwa na sisimizi wakatao majani, wakipita kwa misururu, kila mmoja amebeba kipande cha jani kama mwavuli. Aliyekosa hadubini nzuri alilazimika kutazama chini. Tangu mwaka 1900 hakuacha tena.

Kati ya 1903 na 1908 alikuwa msimamizi wa wanyama wasio na uti wa mgongo katika Makumbusho ya Marekani ya Historia ya Asili, New York. Mwaka 1908 akaenda Harvard, katika taasisi ya Bussey. Mwaka uliofuata tu, 1909, makumbusho yale aliyoyaacha yalituma msafara kuja kaskazini-mashariki mwa Kongo. Kiongozi alikuwa Herbert Lang, Mjerumani aliyezaliwa 1879, fundi wa ngozi za wanyama na mpiga picha. Msaidizi wake, James Chapin, alikuwa na miaka 19, umri uleule aliokuwa nao Wheeler alipofungua masanduku ya Ward.

Shabaha kubwa ya msafara ule ilikuwa okapi, na hapa naomba msomaji anivumilie nisimame kidogo, kwa sababu kisa cha okapi kinaeleza vizuri shida ya picha za mdogo wangu. Mwaka 1900 Harry Johnston, mtawala Mwingereza wa Uganda, alipata pembezoni mwa msitu wa Ituri vipande vya ngozi yenye milia. Alivituma London. Mwaka 1901 mtaalamu Philip Sclater alivitazama vipande vile akampa mnyama jina: Equus johnstoni, yaani aliona ni jamaa wa punda milia. Milia ilikuwepo, kwa hiyo alichosema hakikuwa upuuzi. Mwaka uleule ikafika ngozi nzima pamoja na mafuvu, na meno na fuvu vikaonyesha kwamba mnyama ni ndugu wa twiga. Jina likabadilishwa kuwa Okapia. Kilichoonekana kwanza kilikuwa kweli, ila kilikuwa kidogo. Wambuti, ambao walimla mnyama yule, hawakuhitaji fuvu kutoka London kujua kwamba hakuwa punda.

Lang na Chapin walikaa Kongo hadi 1915. Walipita Stanleyville, Avakubi kando ya mto Ituri, Medje, Niangara, Faradje. Mizigo yao ilibebwa vichwani na wapagazi, kituo hadi kituo. Lang alipiga karibu picha 10,000 kwa vioo, zile sahani za kioo zilizopakwa dawa, na alizisafisha hukohuko porini. Alipiga watu, nyumba, majumba ya wafalme wa Wamangbetu, okapi, vichuguu, viota. Na pamoja na ngozi, mifupa na ndege alikusanya wadudu, na katika wadudu, sisimizi.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni hii. Sisimizi wengi wa mkusanyo ule hawakukamatwa na mtu. Walitolewa matumboni mwa vyura. Chura hukaa usiku kwenye majani yaliyooza akimeza kila kinachotembea, na anapochanjwa asubuhi na mtaalamu wa vyura, tumbo lake lina sisimizi ambao macho ya binadamu hayakuwahi kuwaona, kwa kuwa wanaishi chini ya udongo na magogo. Wataalamu walichambua matumbo, wakaweka sisimizi kwenye vichupa vya spiriti, wakaandika mahali chura alipopatikana. Kitabuni, baada ya jina la sisimizi, unakuta lebo inayosema Medje, ndani ya tumbo la chura wa aina fulani. Moja ya jenasi alizozianzisha Wheeler inaitwa Phrynoponera, na anayejua Kigiriki atamwona chura amejikunja pale mwanzoni mwa jina.

Mwingine aliyemtumikia Wheeler kwa mbali ni Joseph Bequaert, Mbelgiji aliyezaliwa 1886, daktari wa botania aliyekuja Kongo mwaka 1910 katika kazi ya kupambana na ugonjwa wa malale. Huyu alipita kwetu hasa: Penghe, Irumu, Beni, mwaka 1914. Kwa kuwa alijua miti, alifanya jambo ambalo wakusanyaji wengi hawakulifanya. Alipasua matawi. Katika misitu ya Kongo kuna mti uitwao Barteria, ambao matawi yake yana uwazi ndani, na sisimizi wakali weusi huishi humo. Anayeugusa mti huumwa kiasi cha kuujutia siku nzima. Bequaert aliwatoa sisimizi wale pamoja na mabuu yao, akawahifadhi katika spiriti.

Basi vyote hivi vikafika mezani kwa Wheeler: sisimizi waliokauka, vichupa, picha za Lang, madaftari. Ni lazima kueleza alifanya nini, maana mtu anaweza kudhani kazi ya kutoa jina ni kutazama na kukumbuka. Sisimizi mmoja alibandikwa kwenye ncha ya karatasi iliyochomwa pini. Chini ya hadubini Wheeler aliuliza maswali kwa utaratibu. Kati ya kifua na tumbo pana vinundu vingapi, kimoja au viwili? Vipapasio vina pingili ngapi? Vinatokea wapi usoni, karibu na mdomo au juu zaidi? Taya lina meno mangapi? Ana macho? Siafu wafanyakazi wa jenasi Dorylus, kwa mfano, hawana macho kabisa, ingawa wanapopita nyumbani utadhani wanaona kila mwiko wa ugali. Kila jibu lilifunga mlango mmoja na kufungua mwingine, hadi jenasi ibaki moja, kisha spishi. Ndani ya kitabu kile Wheeler alitengeneza pia ufunguo wa namna hiyo ili mwingine aweze kuutumia.

Hakufanya peke yake. Bequaert aliandika sura juu ya maadui wa sisimizi na uhusiano wa sisimizi na mimea. Irving Bailey aliandika juu ya muundo wa mimea inayowapangisha. Felix Santschi, daktari Mswisi aliyeishi Kairouan, Tunisia, na William Mann walisaidia pia. Baadhi ya picha za Lang zilichapishwa. Lakini ukitazama vizuri, picha na sisimizi wa pini hufanya kazi tofauti kitabuni. Picha ya Lang inakuonyesha kiota kilivyo, mahali kilipojengwa. Haikuambii sisimizi ana pingili ngapi. Sisimizi wa pini anakuambia pingili, lakini hajui tena nyumba yake ilikuwaje. Kinachoviunganisha viwili hivyo ni kikaratasi kidogo: mahali, tarehe, nani alikusanya. Kikipotea hicho, picha nzuri na mdudu mzuri haviwezi tena kukutana.

Wanafunzi wa isimu tunaijua hali hii. Chukua orodha ya maneno 200 ya Kilendu iliyoandikwa bila toni, bila kutaja kijiji cha msemaji. Maneno yapo, lakini huwezi kujua ni ya nani wala kulitofautisha neno na pacha wake. Kuna wakati Kilendu cha Djugu na Kingiti cha huko Irumu viliwekwa pamoja kuwa lugha moja yenye lahaja mbili, halafu waliokaa na wasemaji wakavitenganisha. Wheeler naye alikuwa na tabia ya wakati wake ya kumpa sisimizi jina la sehemu nne: jenasi, spishi, nususpishi na aina. Camponotus maculatus, aliyepewa jina lake la spishi na Fabricius mwaka 1782, alikuwa na msururu wa nususpishi na aina kama ukoo wenye wake wengi. Wataalamu wa baadaye waliacha jina la nne. Baadhi ya zile aina zilipandishwa kuwa spishi kamili, nyingine zikafutwa. Kwa maoni yangu Wheeler alikosea upande ulio salama, kwa sababu aliyetenganisha mno huacha kumbukumbu ambayo mwingine anaweza kuiunganisha, lakini aliyechanganya tangu mwanzo huwa amepoteza.

Majina mengine aliyatoa kwa heshima: Camponotus chapini kwa ajili ya Chapin, Phrynoponera bequaerti kwa ajili ya Bequaert. Wapagazi na wawindaji waliobeba na kuonyesha njia walikuwa wengi kuliko hao wote. Mtu akisoma lebo kwa makini anasikia bado majina ya mahali pao, na hicho ndicho kilichobaki.

Kabla kitabu hakijatoka, mabuu ya mti wa Barteria yalikuwa yamempa Wheeler jambo kubwa kuliko orodha yoyote. Alipoyakagua aliona kwamba buu lina mfuko chini ya mdomo, ambamo mlezi huweka tonge la chakula. Buu changa lilikuwa pia na vinundu vya ajabu pembeni mwa mwili, na Wheeler akaamini kwamba vinatoa majimaji ambayo walezi huyalamba. Mlezi anampa mtoto, na mtoto anamrudishia mlezi. Hapo akaona kinacholifunga kundi pamoja: watu wazima hawawahudumii watoto kwa wema mtupu, kuna kubadilishana. Mfaransa Emile Roubaud, aliyewachunguza nyigu wa Afrika, alikuwa ameshapendekeza neno la jambo linalokaribiana na hilo, neno refu la kuvunja ulimi. Wheeler mwaka 1918 alitunga lake kutokana na Kigiriki cha chakula na kubadilishana: trofalaksisi. Kazi ya baadaye ilipunguza baadhi ya aliyoyadhani juu ya vile vinundu, lakini neno limebaki, na leo hutumiwa kwa sisimizi, nyuki na hata mchwa. Neno linalosemwa katika maabara za dunia nzima lilianza na mabuu yaliyotolewa ndani ya tawi la mti wa Kongo. Hakuna picha ambayo ingeweza kulileta.

Mchwa, ambao si sisimizi ingawa kwa Kiswahili cha mitaani tunawachanganya, walimpa nafasi ya kucheka. Mwaka 1920 alichapisha insha ya kejeli iliyojifanya barua ya mfalme wa mchwa wa Kiafrika, wale wajengao vichuguu vikubwa, akiwafundisha binadamu namna ya kuendesha jamii. Mchwa wale ndio watupatiao kumbikumbi mvua inapoanza. Sijui mfalme yule angesemaje juu ya sufuria.

Na ile hoja yangu kwamba alikuwa mwenzetu: mwaka 1925, akiwa Paris, Wheeler alikuta katika nyaraka za Chuo cha Sayansi andiko la mkono la Réaumur juu ya sisimizi, ambalo lilikuwa limelala tangu karne ya 18 bila kuchapwa. Alilitafsiri, akaliwekea maelezo, na mwaka 1926 likatoka pamoja na Kifaransa chake. Mtu wa wadudu alifanya kazi ya mhariri wa matini kwa uangalifu ambao wengi wetu tungetunukiwa nao shahada.

Hakuwa na maisha mepesi. Vipindi vya huzuni na uchovu wa akili vilimrudia mara kwa mara, na kazi ilisimama. Alisafiri Australia, Guyana, Panama na Galapagos kutazama sisimizi hai. Alifariki ghafla tarehe 19 Aprili 1937 huko Cambridge, Massachusetts. Lang alimaliza siku zake Pretoria mwaka 1957. Bequaert aliishi hadi 1982, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 95.

Sasa turudi kwenye chupa. Siku hizi wataalamu wanaowapiga picha sisimizi wa makumbusho huchukua pande tatu, uso, ubavu na mgongo, kisha huipiga picha na lebo yenyewe. Nilimwagiza mdogo wangu afanye vivyo hivyo, aweke na rula ya shule pembeni. Alilalamika kwamba sisimizi hawatulii. Nikamkumbusha kwamba asubuhi ya Kpandroma ni baridi, na mdudu wa baridi ni mzito. Aliamka saa kumi na mbili, akawapiga picha kabla jua halijafika dirishani.

Safari hii niliona. Kinundu kimoja kiunoni. Mstari wa mgongo umeinama kama upinde mmoja bila kukatika. Vipapasio vinatoka juu kidogo, mbali na ukingo wa mdomo. Wafanyakazi wa ukubwa mbalimbali, wengine wenye vichwa vikubwa kupita wenzao. Nilimwambia ni Camponotus, na kwamba kwa picha hizi siwezi kwenda mbali zaidi: wanafanana na kundi la maculatus, lakini vinyweleo na mikwaruzo ya ngozi inayotenganisha jamaa za kundi lile haionekani kwenye simu yetu. Hakuridhika. Aliuliza kama ikibidi amtoe mmoja na kumtia kwenye spiriti. Nilimjibu kwamba uamuzi ni wake, ni sisimizi wake. Akafikiri siku mbili. Kisha akanitumia picha ya kichupa cha dawa kilichooshwa, mfanyakazi mmoja aliyekufa mwenyewe yumo ndani, na karatasi iliyokatwa kwenye daftari la hesabu. Ameandika kwa penseli, maana nilimwonya kwamba wino huyeyuka: Kpandroma, tarehe, chini ya ganda la mkaratusi nyuma ya jikoni, na jina lake lote, hata lile la ubatizo.